Fansabu, manukuu rasmi au dabu ya Kiingereza: uitazame anime kwa ipi?

Sanji, mpishi wa meli katika One Piece, ni mvutaji. Kwenye anime yenyewe, yaani katuni ya Kijapani, sigara haimbanduki mdomoni. Toleo la Kiingereza ambalo kampuni ya 4Kids ilianza kulirusha Marekani Septemba 2004 lilimnyang'anya sigara likampa pipi ya kijiti. Funimation, kampuni nyingine ya Marekani, walipoichukua kazi hiyo mwaka 2007 wakamrudishia sigara yake. Na kabla ya hao wote, mashabiki walikuwa wameshaitafsiri wenyewe na kuisambaza bure mtandaoni, sigara ikifuka kama kawaida.

Anime moja, matoleo matatu. Mgeni anayeingia leo hukuta watu wameshagawana kambi, sabu (yaani manukuu) huku, dabu kule, na kila kambi ina kejeli zake. Ugomvi huo una umri wa zaidi ya miaka 30, na haumsaidii chochote mtu aliyejilaza na simu usiku, bando limebaki kidogo, anataka tu kujua abonyeze wapi. Mimi naona swali la kambi limekaa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu ndani ya kila kambi kuna matoleo mazuri na kuna kazi za kulipua.

Njia ninazolinganisha ni tatu. Fansabu ni manukuu yaliyotengenezwa na mashabiki bila idhini ya mwenye kazi. Manukuu rasmi ni yale ya kampuni yenye leseni, kama Crunchyroll au Netflix. Dabu ni pale sauti za waigizaji wa Kijapani zinapoondolewa na kuwekwa za Kiingereza.

## Tunapimia nini

Cha kwanza ni uaminifu: maneno ya mhusika yamebaki na maana yake, picha hazijakatwa, muziki haujabadilishwa. Pamoja na uaminifu naweka uwazi, yaani iwapo toleo linakuambia pale lilipogusa kitu. Uwazi husahauliwa sana, na manung'uniko mengi ya mashabiki, ukiyachunguza, yanaanzia hapo. Cha pili ni kasi. Cha tatu ni ufundi wa kazi yenyewe. Cha nne ni bei na upatikanaji, kwa mtu anayenunua bando na siyo mwenye faiba nyumbani. Cha tano ni sheria, na pesa yako inakoishia.

Cha mwisho ni wewe. Kwa Mmarekani, Kiingereza ni lugha ya mama. Kwa wengi wetu ni lugha ya pili au ya tatu, tuliyoijulia zaidi darasani na kwenye maandishi. Mtu anaweza kusoma Kiingereza bila shida lakini waigizaji wa dabu kule Texas wakianza kuporomosha maneno akaachwa nyuma. Mwingine kinyume chake: anasikia vizuri, ila manukuu yanampita kabla hajayamaliza. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu ambao tatizo hili hawalijui.

## Kwanza, leseni

Anime nyingi za televisheni hazimilikiwi na studio iliyozichora. Zinamilikiwa na kamati ya uzalishaji: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, watengenezaji wa midoli, kila mmoja ameweka fungu lake. Studio mara nyingi imelipwa ujira wa kazi basi. Kamati ndiyo inayouza leseni, na huiuza vipande vipande: nchi zipi, kwa miaka mingapi, kwa njia gani. Ndiyo maana anime unayoiona kwenye Netflix ukiwa Nairobi inaweza isiwepo kwa ndugu yako aliyeko Minneapolis, na ndiyo maana siku mkataba ukiisha inatoweka bila kuaga. Filamu za Studio Ghibli zilipoanza kuingia Netflix mwaka 2020, Afrika ilikuwemo; Marekani na Japani hazikuwemo. Safari hiyo walioachwa mlangoni hawakuwa sisi.

Leseni ikikwama, inakwama kwelikweli. Mgogoro wa haki kati ya Harmony Gold ya Marekani na wamiliki wa mfululizo wa anime wa Macross kule Japani uliziba njia ya sehemu kubwa ya Macross nje ya Japani mpaka makubaliano ya Aprili 2021. Mashabiki wa nje walioijua Macross 7 ya mwaka 1994 au Macross Frontier ya 2008, wengi wao waliijua kwa fansabu.

## Fansabu

Ilianza kushamiri Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye klabu za mashabiki. Ulihitaji kompyuta ya Amiga, kifaa cha genlock cha kupandisha maandishi ya kompyuta juu ya picha ya mkanda, na deki mbili za VHS. Mwanachama alituma kaseti tupu na pesa ya stempu, akarudishiwa kaseti iliyorekodiwa, naye akamrekodia mwingine, na kadiri nakala ilivyozaa nakala ndivyo rangi zilivyopauka na maandishi yakaanza kutetemeka. Lakini kulikuwa na adabu yake: si ya kuuza wala kukodisha, na kampuni ikishanunua leseni, usambazaji unakoma. Adabu hiyo ilianza kulegea baada ya mwaka 2000, faili za kompyuta na BitTorrent, njia ya kugawana faili mtandaoni, zilipochukua nafasi ya posta.

Uaminifu na uwazi. Hapa fansabu ilijijengea jina. Picha haikatwi, muziki haubadilishwi, na mtafsiri akishindwa huweka maelezo juu ya kioo kueleza ameshindwa nini. Uaminifu huo huweza kupitiliza ukawa kero. Kaizoku-Fansubs, walioshughulikia One Piece, waliliacha neno nakama, yaani mwenzi, bila kulitafsiri, na umati wa mashabiki wa Kiingereza ukalichukua kama kiapo. Kuna pia vikundi vilivyowatia wahusika matusi makali kuliko yaliyomo kwenye Kijapani, kwa imani kwamba ukali ndio ukweli. Asiyejua Kijapani hana namna ya kuwakagua.

Kasi. Enzi za Naruto, fansabu ilitoka ndani ya siku chache, mara nyingine saa chache. Leo hali imegeuka. Dattebayo, kikundi kilichovuma kwa Naruto, kiliacha kuitafsiri Naruto Shippuden pale Crunchyroll ilipoanza kuirusha kihalali Januari 2009. Vikundi vilivyobaki vingi huchukua manukuu rasmi wakayasafisha, au husubiri diski ya Blu-ray, jambo la miezi.

Ufundi. Chukua ubao wa darasani unaoonekana kwa sekunde tatu huku kamera ikisogea kulia. Mpamba maandishi wa fansabu anafungua Aegisub, programu ya bure, na kukaa nao muda mrefu kuhakikisha tafsiri imekaa juu ya ubao kwa rangi ya chaki, ikisogea na kamera fremu kwa fremu, na mhusika akipita mbele yake maandishi yanafichika nyuma ya bega lake. Hakuna anayemlipa. Upande wa pili wa hali hiyohiyo ni kwamba hakuna anayemdai pia: mitihani ikifika, kikundi kinasambaratika na anime inaishia kipindi cha saba.

Bei na upatikanaji. Bure, na faili ukishaipata hailambi bando tena. Ila usichanganye mambo. Tovuti nyingi za kutazama anime bure hazina fansabu hata moja. Zimechota manukuu ya kampuni na kuyazungushia matangazo ya kamari na vitufe vya uongo vya kupakua. HorribleSubs, jina lililotamba kwa miaka mingi mpaka wakafunga mwaka 2020, hawakuwa watafsiri kabisa. Walichota tu.

Sheria na pesa. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, na Kenya na Tanzania zote zimo kwenye Mkataba wa Berne unaosema hivyo. Wenye mali wamewahi kuonyesha meno: Desemba 2004 kampuni ya Kijapani ya Media Factory ilituma barua ya mwanasheria kutaka usambazaji wa anime zake usitishwe, na mwaka 2017 mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba hata manukuu matupu ya mashabiki, bila video, yanakiuka hakimiliki. Pesa inayofika kwa waliochora ni sifuri.

Inamfaa nani. Anayetafuta kazi ambayo hakuna kampuni iliyowahi kuileta. Legend of the Galactic Heroes ina vipindi 110, vilivyotolewa kati ya 1988 na 1997, na hadi Sentai Filmworks walipotangaza leseni mwaka 2015, njia ya kuielewa kwa Kiingereza ilikuwa fansabu. Aliyeidharau fansabu miaka hiyo aliikosa.

## Manukuu rasmi

Historia hapa ina kichekesho chake. Crunchyroll, ambayo leo ndiyo jina kubwa la anime halali, ilianza mwaka 2006 kama tovuti ya watu kupakia video bila ruhusa, fansabu zikiwemo. Ilihalalika mwanzoni mwa 2009 na mwaka 2021 ikanunuliwa na Sony, kupitia Funimation, kwa dola bilioni 1.175.

Uaminifu na uwazi. Kwa kawaida juu. Sauti za Kijapani zipo, picha haijakatwa, mtafsiri analipwa. Ila leseni inaweza kuuma mahali ambapo hakuna mtafsiri wa kupafikia. Neon Genesis Evangelion ilipoingia Netflix tarehe 21 Juni 2019, wimbo wa Fly Me to the Moon uliofunga kila kipindi ulikuwa umeondolewa nje ya Japani kwa sababu ya haki za muziki. Kilichozua vita zaidi ni kipindi cha 24. Wahusika Kaworu na Shinji wako kwenye bafu, na Kaworu anamwambia mwenzake jambo ambalo toleo la zamani la kampuni ya ADV lilikuwa limelitafsiri kama tamko la mapenzi. Netflix walikuja na tafsiri mpya, na ndani yake Kaworu anasema kitu cha baridi zaidi, kwamba anapendezwa naye tu. Mashabiki waliwaka. Mtafsiri, Dan Kanemitsu, alijibu kwamba siku zote anajitahidi kuwa mwaminifu kwa matini. Kijapani chenyewe pale kina utata wa makusudi, kwa hiyo tafsiri zote mbili zinaweza kutetewa. Ila mtu aliyeishi miaka 15 na mojawapo hawezi kuipokea nyingine kama kitu cha kawaida.

Kasi. Hakuna mshindani. Kipindi kikirushwa Japani, baada ya saa moja hivi manukuu yapo.

Ufundi. Kasi hiyo ina gharama yake. Julai 2025 watazamaji wa Necronomico and the Cosmic Horror Show kwenye Crunchyroll walikuta, ndani ya manukuu ya Kijerumani, katikati ya mazungumzo ya wahusika, mstari unaosema kwamba ChatGPT imesema. Mtu alinakili jibu la mashine pamoja na jina la mashine, hakusoma tena, na likapita hadi hewani. Kampuni ilimtupia lawama mkandarasi wa nje. Oktoba mwaka huohuo malalamiko mengine yakaibuka: maandishi ya kwenye picha, yale ya mabango na simu, yalirundikwa juu ya kioo pamoja na mazungumzo au yakaachwa bila kutafsiriwa. Ukilinganisha na yule bwana wa ubao na chaki, inauma kidogo kwamba asiyelipwa ndiye aliyejali.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Kwenye Netflix, baadhi ya anime zina manukuu ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa ajili ya wasiosikia, nayo yanafuata maneno ya dabu. Ukiweka sauti ya Kijapani na kuchagua manukuu yenye alama ya CC, mdomo unasema hiki na maandishi yanasema kile. Chagua yaliyoandikwa English bila CC, kama yapo.

Bei na upatikanaji. Unalipa kila mwezi, na bei hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo angalia ya kwako kabla ya kuamini takwimu za Wamarekani. Kwa upande wa bando, kiwango cha chini cha Netflix hula takriban GB 0.3 kwa saa, ambacho kinatosha kioo cha simu. Manukuu ya Kiswahili hayamo kwenye menyu ya Crunchyroll. Na usidanganyike na kitufe cha kununua: Funimation ilipofungwa tarehe 2 Aprili 2024, nakala za kidijitali ambazo wateja walizipata pamoja na diski zao, wakiambiwa ni zao, zilizimika nayo.

Sheria na pesa. Uko salama, na malipo yako yanaifikia kamati. Yanamfikia mchoraji kiasi gani ni habari nyingine, kama nilivyoeleza juu ya ujira wa studio. Tusitiane chumvi kwamba ada ya mwezi mmoja inamlisha mtu Tokyo.

Inamfaa nani. Anayefuata anime za msimu huu wiki kwa wiki, anayependa sauti za Kijapani, anayejifunza Kijapani, na yeyote ambaye Kiingereza chake ni cha kusoma zaidi kuliko cha kusikia.

## Dabu ya Kiingereza

Hapa ndipo maudhi yalipolundikana, na ni vizuri kujua yalitoka wapi, maana mengi yana tarehe zake na hayapo tena.

Astro Boy ilipoingia televisheni ya Marekani mwaka 1963, na kwa miongo iliyofuata, vituo vilihesabu katuni zote kuwa za watoto. Hicho kilikuwa chanzo cha kwanza. Cha pili kilikuwa hesabu: kuuza kipindi cha kila siku za wiki kulihitaji vipindi 65, na Macross ilikuwa na 36. Ndipo Carl Macek wa Harmony Gold akaunganisha anime tatu zisizohusiana, akazipa hadithi moja, na mwaka 1985 ikatoka Robotech. Mwaka huohuo Nausicaä ya Hayao Miyazaki ilitolewa kwa jina la Warriors of the Wind, ikiwa imekatwa takriban dakika 22 na mhusika mkuu kabatizwa Princess Zandra. Ghibli, studio ya Miyazaki, hawakusahau. Kampuni ya Miramax walipoichukua filamu yao ya Princess Mononoke kwa ajili ya Marekani, mtayarishaji Toshio Suzuki aliwapelekea upanga wa Kijapani wenye ujumbe wa maneno mawili: bila kukata.

Miaka ya 1990 uchakachuaji uliendelea kwa ustadi. Katika Dragon Ball Z, Goku akiwa ahera, anakutana na mazimwi wawili waliovaa fulana zilizoandikwa HELL. Jehanamu haikuruhusiwa kwenye katuni ya asubuhi. Kwa hiyo E ikafutwa mguu ikawa F, L ya kwanza ikafutwa mguu ikawa I, na fulana ikasomeka HFIL, ambayo waandishi wakaitungia kirefu chake kwamba ni makao ya walioshindwa daima. Kwenye Pokémon, Brock anashika onigiri, ule wali uliofinyangwa pembetatu, na kuutangaza kuwa ni donati la jamu. Sailor Moon iliyotoka 1995 ilimgeuza Zoisite mwanaume kuwa mwanamke ili mapenzi yake na Kunzite yasionekane, na mwaka 2000 wapenzi Haruka na Michiru wakafanywa binamu, jambo lililofanya baadhi ya matukio yao kuwa ya ajabu zaidi kuliko yangeachwa yalivyo.

Kisha 4Kids na One Piece yao. Vipindi 143 vilibanwa vikawa 104. Nyangumi Laboon, anayekutana na meli ya shujaa Luffy mwanzoni mwa safari kuu, aliondolewa na nafasi yake ikawekwa mwamba wa barafu. Tatizo ni kwamba mamia ya vipindi baadaye anatokea mhusika Brook, na machungu yote ya Brook yanamhusu huyo nyangumi. Huwezi kumlilia mwamba wa barafu.

Haya hayakuwa maradhi ya Kiingereza peke yake. Wasomaji wa Lubumbashi na Bujumbura waliokulia Kifaransa wanamjua Nicky Larson, ambaye kwa Kijapani ni shujaa wa City Hunter. Hoteli za wapenzi zilizomo kwenye hadithi yake zilifanywa migahawa ya wasiokula nyama. Waliokulia Muscat wanamjua Kapteni Majid, ambaye kwa Kijapani ni mcheza mpira Tsubasa.

Uaminifu na uwazi. Enzi ya kukata imepita kwa sehemu kubwa. Kampuni ya Viz walipopata leseni ya Sailor Moon mwaka 2014 waliirudia yote bila kukata. Kilichobaki ni suala la maneno. Mwandishi wa dabu lazima sentensi ianze na kuisha pamoja na mdomo uliochorwa, kwa hiyo hata mwenye nia njema hubadilisha. Mwenye mbwembwe hubadilisha zaidi. Mwaka 2016 dabu ya Prison School ilipachika mzaha kuhusu mgogoro wa wacheza gemu wa Marekani, na 2017 dabu ya Miss Kobayashi's Dragon Maid ikamtia mhusika Lucoa maneno kuhusu mfumo dume ambayo kwenye Kijapani hayapo. Makelele yalikuwa makubwa.

Hapa nikumbushe jambo tunalolijua vizuri. Waliotazama kaseti za Lufufu kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam, au wanaomfuata DJ Afro Kenya, wamezoea mtu anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, akiongeza vichekesho vyake. Hakuna anayelalamika, kwa sababu jina lake liko mbele na umekuja kumsikia yeye. Vivyo hivyo ADV walipoipa Ghost Stories dabu ya mzaha mtupu mwaka 2005, wakitupa karibu mazungumzo yote, mashabiki waliipenda na bado wanaipenda. Dragon Maid iliudhi kwa sababu mtazamaji aliambiwa anapata tafsiri, akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kasi. Wiki kadhaa nyuma ya manukuu, kwa kawaida. Space Dandy ilivunja desturi Januari 2014 kwa kutoka kwa Kiingereza Marekani kabla hata ya Japani. Anime nyingi ndogo hazipati dabu kabisa.

Ufundi. Inategemea sana kazi. Cowboy Bebop, iliyorushwa Adult Swim, televisheni ya Marekani, kuanzia 2001 na sauti ya Steve Blum kama Spike, inasifiwa hata na wapinzani sugu wa dabu. Baccano!, inayotokea Marekani ya majambazi wa miaka ya 1930, inasikika asilia zaidi kwa lafudhi za New York na Chicago. Upande mwingine, sauti zinaweza kubadilika katikati: msimu wa tatu wa Mob Psycho 100 mwaka 2022 ulimpoteza Kyle McCarley, sauti ya mhusika mkuu, aliyetaka mazungumzo kuhusu mkataba wa chama cha waigizaji. Na mwishoni mwa 2025 Amazon iliweka sauti za Kiingereza za akili unde kwenye Banana Fish, anime ya majonzi mazito, sauti ambazo hazikujua kulia. Baada ya kelele za mashabiki na waigizaji ziliondolewa.

Bei na upatikanaji. Hukaa kwenye majukwaa yaleyale ya manukuu rasmi, kwa ada ileile. Enzi za VHS mambo yalikuwa kinyume na unavyodhani: kaseti ya manukuu iliuzwa ghali kuliko ya dabu. DVD ndiyo iliyoweka zote mbili kwenye sahani moja na kupoza ugomvi kiasi.

Sheria na pesa. Sawa na manukuu rasmi, na inaajiri waigizaji zaidi.

Inamfaa nani. Anayetazama huku anapika au anashona, mwenye macho yasiyokaa sawa na herufi ndogo, mtoto ambaye hajasoma kwa kasi, na anayetaka macho yake yabaki kwenye michoro.

## Sasa wewe uko wapi?

Ukiwa unafuata anime mpya na hutaki mtu akuharibie mwisho wa kipindi, manukuu rasmi ndiyo njia yako. Ukikuta maandishi ya mabango hayajatafsiriwa, vumilia au rudi baadaye kwa toleo la diski.

Ukiwa na watoto wa shule ya msingi, chukua dabu, lakini angalia mwaka ilipotengenezwa. Filamu za Ghibli ni mahali salama pa kuanzia. Kwenye Kiki's Delivery Service fahamu kwamba dabu ya Disney ya 1998 ilimwongezea paka Jiji maneno mengi, na mwishoni akarudi kuzungumza, wakati kwa Miyazaki paka huyo anabaki kimya. Toleo la 2010 liliyapunguza. Usishangae watu wawili wakikumbuka miisho miwili.

Ukiwa unaanza One Piece, epuka vipindi vya 4Kids, kisha kati ya Kijapani chenye manukuu na dabu ya Funimation chagua unachoweza kuvumilia kwa vipindi zaidi ya elfu moja. Hilo ndilo swali la kweli hapo. Kwa Evangelion, toleo la Netflix linatosha kabisa kwa mara ya kwanza.

Ukiwa na bando la kubana, pakua kipindi kwenye Wi-Fi ya kazini au chuoni kupitia programu rasmi inayoruhusu, ukitazame baadaye. Chaneli rasmi ya Gundam kule YouTube nayo huweka baadhi ya misimu bure, yenye manukuu ya Kiingereza, kwa muda maalumu.

Ukiwa unatafuta kazi ya zamani na umepekua majukwaa yote bila kuiona, angalia kwanza kama kuna mtu aliyenunua leseni yake hivi karibuni, zinaibuka. Kama hakuna, unajua fansabu ni nini, inatoka wapi, na sheria inasemaje. Hapo uamuzi ni wako, na leseni ikija siku moja, fuata adabu ya watu wa kaseti.

Na kama ni Ghost Stories, weka dabu ya 2005 bila kufikiri mara mbili, watoto wakishalala.